Siku Kumi za Kumtazama Nyau

Nilimfuga paka kwa sababu ya panya. Panya wa ploti yetu hapa Makongeni alikuwa amemaliza unga, akaonja sabuni, kisha akaanza kutafuna cheti changu cha kuzaliwa. Jirani akanipa kitoto cha paka, mweupe pe, na maagizo mafupi: mpe maziwa, basi. Nikamwita Nyau, ambalo kwa Kikuyu ni neno la paka yeyote yule. Siwezi kudai nilijichosha kufikiri.

Maziwa yalikuwa kosa la kwanza. Nyau aliyalamba hadi sahani ikang'aa, na usiku nikapata majibu yake juu ya blanketi. Kumbe paka wengi wakishaachishwa kunyonya, tumbo haliwezi tena kusaga sukari ya maziwa. Sasa anakunywa maji safi, na ninamchemshia omena bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya paka. Ugali mtupu anautazama vile mimi hutazama bili ya stima.

Kosa la pili ni karai. Vumbi jekundu la Thika lilikuwa limemgeuza rangi ya tofali, nikaona aibu kuitwa mwenye paka huyo. Nikamtia majini pale bombani, na sabuni ya kipande, ploti nzima ikitazama. Alinikwea kama mwembe. Kisha akaketi kwenye ngazi, akajiosha upya kwa ulimi, mguu kwa mguu, hadi akaiondoa kazi yangu yote.

Kesho yake akapiga chafya. Nikaenda agroveti kuuliza kama nusu kidonge cha paracetamol kitamtosha. Muuzaji aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Unataka kumzika leo ama kesho?"

Ini la paka, akanieleza, haliwezi kuisafisha dawa hiyo mwilini. Kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Akaniuzia dawa ya minyoo, akasema nimpeleke kwa daktari wa mifugo akadungwe chanjo ya kichaa cha mbwa.

"Lakini huyu ni paka."

"Jina ni la mbwa, boss. Ugonjwa ni wa wote."

Hivyo ndivyo tulivyopanda matatu kuelekea mjini, mimi, Nyau na katoni ya biskuti niliyoitoboa matundu. Katoni ilivumilia matuta mawili ya Barabara ya Garissa. Kwenye la tatu sakafu yake ikafunguka. Nyau alipita juu ya viti, juu ya trei ya mayai ya mama mmoja (hakuvunja hata moja, na iandikwe hivyo), akatua begani mwa kondakta. Kondakta ambaye siku zote huning'inia mlangoni akaingia ndani, akaketi. Nilipomshika Nyau, akanizamishia meno kwenye kidole gumba.

"Kijana wangu," shosho wa kiti cha nyuma akasema, "paka hubebwa na kikapu cha mfuniko."

"Ndiyo, shosho."

"Na huyu analipa ngapi?" kondakta akauliza, sauti imemrudia.

Daktari hakumwangalia Nyau. Aliangalia kidole changu, akanielekeza kwenye bomba: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha moja kwa moja hospitali. Na chanjo ya paka? Haiwezekani leo. Paka asiyechanjwa akimuuma mtu, hutazamwa kwanza siku 10. Akibaki mzima, basi mate yake hayakuwa na kichaa alipouma.

Kwa hiyo nilimpeleka Nyau kudungwa sindano, nikadungwa mimi. Na si mara moja; nilipewa kadi ya kurudi.

Siku 10 nilimtazama. Nikitia chai, namtazama. Akipiga miayo, nahesabu meno. Jirani aliyenipa alikuwa akichungulia dirishani kila jioni kuuliza kama mmoja wetu ameanza kubweka. Nyau alikula, akalala, akanenepa.

Siku ya 11 nilirudi kutoka soko la Madaraka na kikapu cha mfuniko. Nyau alikiona mlangoni, akayeyuka chini ya kitanda. Nikapiga magoti na tochi ya simu nimtafute.

Kule gizani yaling'aa macho manne.