Sifa za Bwana NULL

Wengine wasifu nazi na mnazi. Mimi namsifu NULL, alama ambayo kanzidata huiweka pale isipojua kitu. Nimekaa naye miezi mitatu hapa Kivukoni, kando ya mto Kilombero, nikisafisha orodha ya wakulima wa mpunga, na ukweli kama wake sijauona kwa binadamu.

Mpe CONCAT, kiunga-maneno cha MySQL, jina la kwanza, la kati na la mwisho. La kati likiwa NULL, hakuletei hayo mawili yaliyobaki kama karani mvivu. Anakurudishia NULL tupu. Hoja yake nzito: ninachokijua nikikiunga na nisichokijua, sijui chote. Mama mmoja jina lake la kwanza lilikuwepo, la mwisho lilikuwepo, la kati hakuna aliyelijaza. Orodha ikachapwa: namba 214, halafu peupe, halafu ekari mbili. Mpunga upo, mwenyewe hayupo. Ucha Mungu ulioje! Hapa Kivukoni kivuko kilishaachia daraja, na jina tumebaki nalo. Kwa mama ni kinyume chake: yeye yupo, jina ndilo limevuka.

  

Ila jamani, dawa si ipo! CONCAT_WS huruka NULL na kuendelea na safari. Ni kuongeza herufi mbili, kistari cha chini, na kitenganishi mwanzoni, basi. Nilimwandikia mkubwa wangu mara mbili. Nikajibiwa kwamba ripoti imeshapitishwa, tusubiri mwaka wa fedha ujao. Na mama alipokuja dirishani kuulizia jina lake, akaambiwa, "Mfumo haukutambui, mama."

Mfumo! Mfumo ulikuwa na ekari zake, kijiji chake, hata namba yake ya simu. Aliyemwambia hivyo ni kijana anayenunua mchele kwake kila Jumamosi, kwa mkopo.

Mama akakunja kitambulisho chake ndani ya kanga. "Haya mwanangu. Na lile deni la kilo tano, nimdai nani?"