Tujazie Pengo, Mwalimu

Julai ikibisha hodi, namba yangu ya simu hukumbukwa. Tangu UNESCO ilipoamua mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, watu ambao mwaka mzima hawajui kama Modogashe kuna shule, seuze mwalimu wa Kiswahili, hunipigia wakiniita "mwalimu wetu". Safari hii alikuwa kijana wa kamati ya maandalizi katika chuo kimoja huko Garissa mjini. Wanataka shairi la kikundi, mada ni Kiswahili na amani. Na usafiri? "Hapo mtajipanga, mwalimu."

Kujipanga kwenyewe ndiko huku. Shule haina basi. Matatu ya abiria 14 ikiingia wasichana 12, mwalimu mwenzangu wa kike ambaye bila yeye wazazi wasingekubali, na mimi, imejaa. Bado hujapakia vyombo vya maziwa vya kusuka, ambavyo kamati ilivitaka "kwa ajili ya mandhari". Ni mali ya bibi za watu, kwa hiyo nilivipakata mimi. Wazazi walitaka kujua dereva ni nani, mabinti watasali wapi adhuhuri, watakula nini, na kama watarudi kabla ya magharibi. Kuhusu shairi hakuuliza mtu. Kwenye kizuizi cha njiani, askari aliisoma barua ya shule kuanzia anwani hadi muhuri, akarudia. Siku ile sikupata tena msomaji makini kama yeye.

Shairi nililitunga mwenyewe, mizani 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho. Mada ikiwa amani, nikaona nisiende mbali: nikaweka ubeti wa Azimio la Modogashe. Mwaka 2001 jamii za wafugaji wa sehemu hizi zilikubaliana hapa kwetu kuhusu malisho, maji, wizi wa mifugo na fidia ya damu. Akiuawa mwanamume, ngamia au ng'ombe 100. Akiuawa mwanamke, 50. Kila wasichana walipoufikia ubeti huo katika mazoezi, sauti zilipoa. Wakataka kujua hesabu hiyo aliipiga nani. Nikawaambia mimi nafundisha Kiswahili, wamuulize mwalimu wa hisabati.

Kisha kuna babu wa mmoja wao, aliyekuwa akija kukaa kivulini wakati wa mazoezi. Siku moja akaniita. "Maalim, mbona shairi lako linarukaruka?" Kwa Wasomali, shairi la gabay ukilianzisha kwa sauti fulani, sauti hiyo uibebe katika kila mstari hadi mwisho. Langu lilianza na m, mstari wa pili likawa k, wa tatu w. Nikamweleza habari za vina. Alinisikiliza kwa adabu, kama asikilizavyo mtu mtoto anayesimulia ndoto, kisha akauliza: "Na hizo silabi za mwisho kufanana, ugumu wake uko wapi?" Nina shahada yenye fasihi ndani yake. Jibu bado nalitafuta.

Tulifika ukumbini saa tatu asubuhi. Mgeni wa heshima hajafika. "Mwalimu, hebu wajaribu vipaza sauti." Wakalighani lote mbele ya viti vitupu. Wanachuo walipojaa, mgeni yuko njiani. "Mwalimu, tujazie pengo kidogo." Wakapanda tena. Kabla ya saa sita ikatangazwa amefika getini, tukapangwa mstari. Kumbe ni msaidizi wake, ametumwa kukagua kiti. Pengo likajazwa mara ya tatu. Kufikia hapo safu ya mbele ilikuwa inamalizia vina pamoja nasi. Wapo watunzi waliokufa bila kuionja heshima hiyo, lakini mimi nilikuwa na njaa.

Mgeni alipoingia kweli, muda ukaadimika ghafla. Si kwa hotuba, la. Msemaji wa kwanza alitukumbusha kwamba tarehe hii ilichaguliwa kwa sababu ya TANU ya Nyerere, ambayo tarehe 7 Julai 1954 ilikifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Wa pili akatukumbusha. Mgeni naye, kwa sauti ya mtu aliyeivumbua habari jana usiku, akatukumbusha. Hakuna aliyekatizwa. Ila sisi tulipoinuka, kijana wa kamati alikuja ameinama: "Mwalimu, muda umetubana. Leteni ubeti wa kwanza na wa mwisho."

Mimi ni mtumishi wa umma, nimezoea kupunguziwa, nikaitikia. Kiongozi wa kikundi hakuitikia. "Mwalimu, kwetu shairi la mtu halikatwi. Ukilibeba unalifikisha lote, na unamtaja aliyelitunga." Hakunong'ona. Wakapanda jukwaani, wakalitoa beti zote, huku kijana wa kamati akipigapiga saa ya mkononi. Walipotamka 50, upande wa wanachuo wa kike ukaguna, mgeni akavikagua viatu vyake. Mwisho binti akanitaja jina kamili, na la baba yangu pia.

Kuponi za chakula zilikuwa za "watumbuizaji" tu. Walimu tulishauriwa tujipange.

Tulipopita Nuno kurudi, nyuma ya matatu kulikuwa na minong'ono na vidole vikihesabu. Wametunga ubeti wa kulijibu Azimio: mwanamke naye 100, na kila mstari umeshika sauti ya m. Nikasikiliza. Mstari wa tatu umezidi mizani 2, nikawaambia. Wakatazamana. Wakasema hilo wataliacha kwa babu, yeye ndiye ataamua.