Je, Itapanda Boti?

Muuzaji wa vyombo vya umeme pale Ukunda atakuuliza unataka rangi gani na una shilingi ngapi. Akiwa mchangamfu ataongeza: nyumbani mko wangapi? Sijapata kusikia hata mmoja akiuliza chombo chenyewe kinakwenda kuishi wapi. Mimi humwambia bila kuulizwa. "Wasini," nasema, naye huitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa Mtwapa.

Sasa Mtwapa kuna barabara. Wasini ni kisiwa cha kilomita tano hivi kwa urefu, hakina gari hata moja, na friji ya huko lazima kwanza iwe baharia. Mzigo unapanda matatu Ukunda, unaiacha barabara ya Lunga Lunga pale Kanana, unateremka hadi gatini Shimoni, na hapo ndipo unapofanyiwa mtihani ambao kiwandani haukufanyiwa. Nahodha hana haja na jina la kampuni wala dhamana ya miaka miwili. Anainua pembe moja ya boksi, anaguna, kisha anatoa hukumu: "Huyu atalipa nauli ya watu watatu." Nimewahi kusafiri na friji iliyokalishwa katikati ya boti, mahali pazuri kuliko pangu, na abiria tukaonywa tusiiegemee.

Shangazi yangu anazijua hesabu hizi kuliko muuzaji yeyote. Kazi yake ni kupinda leso. Leso huuzwa mbili mbili zikiwa kitambaa kimoja, lazima zikatwe na kupindwa, na Idd ikikaribia kila mtu kisiwani hukumbuka jambo hilo siku moja. Alipotaka cherehani mpya, sisi vijana tukaipigia debe ya umeme. Tulikuwa na hoja: mota yake ndogo hula chini ya wati 100, na paneli yetu ya jua inaimudu.

"Na jua likikosa?"

"Kuna betri, Shangazi."

"Na betri ikifa?"

"Tutanunua nyingine."

"Na pesa zikikosa?"

Tukatazamana. "Miguu yangu haijapata kuzimika," akasema, akachagua Butterfly nyeusi ya Shanghai, ya kukanyaga, yenye maua ya dhahabu. Gatini akamshinda hata nahodha. Alilegeza skrubu mbili kwa ncha ya kisu, kichwa cha cherehani kikang'oka mezani, akakipakata mapajani na kukifunika kwa mtandio. Nauli ikalipwa ya meza tu. Mkanda wa ngozi wa cherehani hulegea, lakini dawa yake ni kukata kipande na kuunga upya kwa kipini cha waya. Adui wa kweli ni chumvi: sahau sindano ndani ya leso nyeupe usiku mmoja, asubuhi utakuta doa la kutu ambalo hata sabuni ya kipande hulikimbia.

Kisha mwanawe aliye Muscat akamletea heshima: mashine ya kuvuta vumbi, wati 2000, pipa jekundu na mpira mrefu. Mwana mkarimu ndiye tabu ya Shangazi. Plagi ya Oman na ya Kenya ni moja, meno matatu mapana, kwa hiyo iliingia ukutani bila kubembelezwa, nasi tukadhani tabu imekwisha. Inveta yetu ni ya wati 300. Sebuleni majirani walikuwa wamejaa kutazama mpira, na Shangazi, aliyetaka wageni waione zawadi ya mwanawe, akabonyeza. Mashine ikanguruma nusu pumzi, inveta ikapiga yowe, giza likatanda. Penalti ilikuwa inapigwa. Mzee mmoja alimnunia hadi kanzu yake ilipochanika kwapani.

Tangu 2017 Ulaya haziingii sokoni mashine za vumbi zinazopita wati 900, lakini hata hizo zingetunyima penalti ile. Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyeanzisha mashine hii London mwaka 1901, angalau alifikiria injini ikae wapi: ilivutwa na farasi, ikabaki barabarani, mipira ikapitishwa madirishani. Kwetu farasi angelazimika kuingia kichochoroni kwa ubavu. Tena usafi wenyewe hapa ni kukung'uta mkeka nje na kupitisha fagio la chelewa, kazi ambayo Shangazi huimaliza kabla chai haijachemka. Pipa jekundu sasa linatunza leso za wateja. Mpira aliuomba nahodha, na sikuthubutu kumuuliza anaufyonzea nini.

Juzi mwanawe amepiga simu tena, safari hii na habari za mashine ya kufulia. Mashine za namna hiyo hunywa lita 50 hivi kwa fuo moja, na sisi ni watu wa kukinga mvua kwenye jabia, watu ambao mtungi ukimwagika jirani huja kutoa pole. Nilingoja Shangazi amweleze hayo yote. Hakumweleza lolote. "Allah akuzidishie, mwanangu, itume," alisema, simu akaikata, kisha akampigia mwenye nyumba ya wageni kule Diani wakapatana bei. Sharti lake lilikuwa moja tu: mashine ichukuliwe Mombasa, isionekane gatini Shimoni, maana nahodha akiiona ataitoza.