Handaki la Kagera Juu ya Meza: Mwongozo kwa Mafundi wa Tarime na Mugumu

Kwanza kabisa, ondoa kifaru. Ndiyo, hicho hicho ulichokikata kwenye kopo la rangi, ukakivisha mnyororo wa baiskeli, mtoto wa jirani akakiona na kulia akitaka kwenda nacho kwao. Kiweke kabatini. Ondoa na ule mtambo wa makombora ulioitwa Saba Saba, halafu mshushe yule ofisa mwenye darubini uliyemsimamisha kileleni, anaonekana hadi Mutukula kwenye mpaka wa Uganda. Meza ikishakuwa tupu ndipo tuanze, maana kazi yenyewe iko chini ya ardhi.

Tunajenga handaki. Mahali ni kusini mwa Mto Kagera, jirani na Kyaka. Wakati ni Novemba 1978, mwanzo wa Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, mvua za vuli zinanyesha, Idi Amin, mtawala wa Uganda, ameshatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto ni mali ya Uganda, na daraja la Kyaka limelala majini. Vikosi vya Tanzania vinaendelea kuwasili kwa malori, na askari akishagusa chini tu anakabidhiwa sururu: chimba.

Hilo daraja lina habari yake, na mchimba madini yumo. Ndege za Amin zilijaribu kulivunja kwa mabomu zikashindwa, mpaka akatafutwa mtaalamu kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, magharibi mwa Uganda, ndiye akasaidia kupanga baruti zilizoliangusha. Vita hivi vilimhitaji mtu wa mgodini tangu wiki ya kwanza, na sisi wa Mara hatuna sababu ya kumwacha nje ya meza yetu.

Tena tuna haki kubwa juu ya kazi hii. Divisheni ya 20 ya jeshi la Tanzania, iliyoingia Kampala Aprili 1979, iliongozwa na David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, humuhumu Mara. Brigedi ya 208 ilikuwa ya Mwita Marwa. Lakini haki ninayoithamini zaidi ni nyingine: hapa kwetu, kuanzia Nyamongo na vijiji vyake vya wachimba dhahabu, kuna watu wanaojua ardhi inavyofanya ikikatwa. Anayeshinda ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, akiwa na nyundo, tochi na kamba anaweza kukitazama kitu ulichojenga, akakwambia kwa sekunde tatu kwamba dari yako ingeua watu. Huyo ndiye mkaguzi wako. Mwite mapema, mkaribishe chai, na usimwoneshe kifaru.

Uwiano wetu ni 1:35, unaotumiwa sana na mafundi wa vitu vya kijeshi duniani. Mtu wa sentimita 175 anakuwa wa sentimita 5. Handaki la kumficha akiwa amesimama lichimbwe sentimita 5 kwenda chini, upana 2.5, urefu 30. Usilinyooshe kama rula! Livunje kona kila baada ya sentimita chache. Kona zile ziliokoa watu: bomu likianguka ndani, vipande vyake vinaishia ukutani badala ya kusafiri kutoka mwanzo wa handaki mpaka mwisho. Kisha upande mmoja wa meza ukate wima, ardhi ionekane ndani: majani juu, udongo mweusi, udongo mgumu, na katikati yake shimo lenye watu. Mtazamaji asiyeona mkato huo ataona tuta tu, ataondoka akidhani ulijenga shamba la viazi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, na ndilo linaloniudhi kila ninapozunguka maonesho ya shule: kifusi. Handaki limechimbwa vizuri, kuta zimepakwa rangi, bendera ipo, lakini udongo uliotoka humo hauonekani popote. Umekwenda wapi? Ardhi haiyeyuki.

Piga hesabu. Sentimita 30 kwa 2.5 kwa 5 ni sentimita za ujazo 375. Udongo ukishachimbuliwa hulegea na kuvimba, kwa kawaida karibu robo zaidi, kwa hiyo unapata kama mililita 470. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze udongo mkavu mpaka karibu na shingo. Hicho ndicho kifusi chako, na chote lazima kionekane au kijulikane kilikofichwa. Sehemu inakuwa tuta la mbele, upande wa adui. Sehemu inakuwa tuta dogo la nyuma. Nyingine inalala juu ya dari ya magogo, nyingine inaingia kwenye viroba. Inayobaki wamekwenda kuimwaga kwenye korongo na kuifunika majani, na kinjia walichokanyaga wakienda na kurudi lazima ukichore.

Kwa ukubwa halisi, handaki hilo ni mita za ujazo 16 hivi za ardhi, uzito unaozidi tani 20. Kifusi chake ni kama debe 1,000. Debe 1,000, kwa mikono, kwenye matope, na wachimbaji ni watu ambao wengine wao mwezi mmoja nyuma walikuwa wanamgambo wa kijijini. Ukishaishika chupa ile mkononi ukafikiria debe hizo, hutatamani tena kumweka ofisa mbele ya picha.

Kifusi ndicho pia kinachomsaliti mchimbaji wa vita. Huko Ubelgiji, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walichimba njia ndefu chini ya mistari ya Wajerumani kwenye mwinuko wa Messines. Waliochimba wengi walikuwa wachimba makaa na watu wa mifereji ya maji machafu, walioletwa kutoka kazini kwao kwa sababu jeshi halikuwa na ujuzi wao. Ule udongo mzito wa chini ulikuwa na rangi ya kibuluu, tofauti kabisa na wa juu. Ndege moja ya adui ikipiga picha, siri imekwisha. Ukabebwa kwenye magunia, ukamwagwa mbali na kufunikwa. Juni 7, 1917, saa 9 na dakika 10 usiku, mashimo 19 ya baruti yalilipuliwa kwa pamoja. Mengine machache yalibaki bila kulipuka, na moja likaja kulipuka mwaka 1955 wakati wa radi, likaua ng'ombe mmoja. Mkurya akisikia habari hiyo ataanza na swali la ng'ombe, na ana haki.

Karibu na kwetu kuna somo la kinyume chake. Salaita, kilima kilicho jirani na Taveta, Februari 1916: jeshi la Wajerumani liliacha mahandaki ya uongo kileleni, ya kweli yakawa chini yamefichwa. Mizinga ya Waingereza ikapiga kilele. Askari wa Afrika Kusini walipopanda wakipita vichakani, risasi zikawatokea mahali wasipopatazamia. Fundi mwenye meza kubwa anaweza kuchimba handaki la pili, lisilo na mtu, na kuliacha na kifusi kibichi kinachoonekana waziwazi. Hilo ndilo la kumdanganya adui.

Kwa udongo wenyewe tumia wa kichuguu. Utwange, uchekeche, uukande kwa maji na gundi nyeupe ya mbao. Msingi wa chini uwe kipande cha plaiwudi kutoka kwa seremala, juu yake lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, ulichonge umbo la ardhi kabla ya kupaka. Paka tabaka jembamba, liache likauke kivulini, paka jingine. Ukiharakisha juani utapata nyufa ambazo hakuna rangi itakayozificha. Udongo ukiwa haujakauka kabisa, chukua msumari uchore alama za sururu ukutani, zikishuka mshazari kwenda upande mmoja, kwa sababu mtu hupiga kwa mkono wake aliouzoea.

Hapa nakuomba kwa moyo wote. Usiende kuchukua marudio, yale mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa, kwenye karasha kwa sababu tu ni laini na yanapendeza kama vumbi. Marudio yana zebaki. Watoto watakaoigusa kazi yako hawakuja kununua sumu. Wala usiingie kwenye duara lililoachwa ili ujionee kuta. Muulize aliyekuwa humo, atakueleza yote ukiwa umekaa kwenye kigoda.

Tuje kwenye matimba, yaani nguzo na magogo ya kushikilia ardhi. Kijiti cha mshikaki kina unene wa kama milimita 3, ambao kwa uwiano wetu ni nguzo ya sentimita 10. Kinafaa kwa nguzo za pembeni. Dari inataka magogo mazito zaidi, milimita 4 au 5, yakipangwa bila nafasi, juu yake majani, kisha udongo wa sentimita moja na nusu. Kichwa cha nguzo kikatwe kidogo kipokee mtambaa, usibandike tu gundi. Wale wa Messines walifunga mbao zao bila misumari, kwa sababu mlio wa nyundo ungesikika upande wa pili, na udongo wenyewe ulipovimba ndio ulioshikilia. Wakati wa kupanga nafasi kati ya nguzo, mngoje mkaguzi wako wa Nyamongo. Ardhi laini ya juu hutaka nguzo za karibu; mwamba mzima huvumilia. Akikwambia ongeza mbili, ongeza mbili.

Hewa si tatizo hapa, handaki letu liko wazi sehemu kubwa. Usiweke feni wala bomba kwa kuwa tu umeviona mgodini. Maji ndiyo tatizo. Ni vuli. Chini ya handaki chimba kishimo cha kukusanyia maji, mimina vanishi kidogo iliyochanganywa na vumbi la udongo, na mweke mtu mmoja anayechota kwa kopo. Kuta za chini zipakwe rangi nyeusi zaidi kuliko za juu. Viatu vyote vya askari wako, bila kumwacha hata mmoja, viwe na matope mpaka kwenye vigimbi.

Kuhusu watu, tengeneza mifupa yao kwa waya wa kufungia nondo na nyama kwa udongo uleule. Udongo ukikukatalia sura, vuka Sirari utafute jiwe laini la Tabaka, kule Kisii, linachongeka kwa kisu. Mmoja ana bunduki na anatazama mbele. Wengine wote wanafanya kazi: wawili wanachimba, mmoja anabeba kiroba, mmoja anachota maji, mmoja amelala akiwa ameegemea ukuta kwa sababu zamu yake ya kuchimba imekwisha sasa hivi. Angalia mpini wa sururu. Sururu ya sentimita 90 haina nafasi ya kurushwa ikikatiza handaki la upana huu. Itagonga ukuta wa nyuma. Mchimbaji ageuke, apige kwa kufuata urefu wa handaki, au apewe chombo chenye mpini mfupi. Na mavazi yasilingane sana. Jeshi lililokua haraka vile halikuwa na sare za kutosha kumpendeza mpiga picha.

Kabla hujapaka rangi, nenda kwa mzee aliyekuwepo vitani. Wapo, Tarime na Serengeti kote, na kila mwaka wanapungua. Usifike na swali la aliua wangapi. Mwamkie, kaa, mpe nafasi, kisha uliza kwa namna hii:

"Shikamoo mzee. Naomba unieleze, udongo mlikuwa mnaupeleka wapi?"

Nakuhakikishia atakutazama upya. Swali la kuua huulizwa na kila kijana. La kifusi huulizwa na mtu aliyewahi kushika chepe. Muulize pia walilalia nini, nani alipika na moshi ulifichwaje, mvua ilipojaza shimo walianzia wapi. Akikwambia "mwanangu, hapo umekosea", toa kisu palepale urekebishe mbele yake. Kama hataki kusema, msimulie wewe unachojenga, unywe chai yake, uage.

Mimea ya ukingoni mwa Kagera itengeneze kwa katani. Fumua nyuzi, zifunge vichwani, zipake kijani, utapata mafunjo mazuri kuliko ya dukani. Weka kuku mbali na katani mbichi yenye gundi.

Fundi wa Mugumu ataniuliza kwa nini nisimwache ajenge Ngome ya Ikoma, ambayo Wajerumani waliijenga mwanzoni mwa karne ya 20 na mwaka 1917 kikosi cha Mjerumani Naumann kikapigana hapo na Wabelgiji. Ajenge, na aijenge vizuri. Ila ile ni kazi ya mawe na kuta za juu, inataka mwongozo wake na mkaguzi wa aina nyingine. Tena mawe yale nayo yalibebwa na watu, awaweke.

Kibao cha maelezo kiandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka ukiwa umesimama. Andika mahali, mwezi, mwaka, uwiano. Andika kwamba handaki hili lilitoa debe 1,000 za udongo. Taja vifaa kwa mpangilio huu: sururu, chepe, panga, kiroba, kopo, bunduki. Kama mzee aliyekusaidia amekubali kutajwa, mtaje juu ya jina lako.

Ukiisafirisha meza yako kutoka Tarime hadi Mugumu, usiipakie nyuma ya gari. Ilaze kwenye godoro, upande wa mkato uelekee mbele, ukae nayo mwenyewe. Barabara itakuangushia angalau nguzo mbili na kipande cha tuta, kwa hiyo beba vijiti vya akiba, gundi, na kifuko cha udongo uleule wa kichuguu uliobaki. Udongo wa Mugumu una rangi nyingine, na kiraka kitaonekana kutoka mlangoni.