Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Studio

Mheshimiwa Mwenye Studio,
Hollywood, Marekani.

YAH: OMBI LA KUMVUA VIATU STELINGI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, shikamoo. Nafahamu kwamba huko kwenu salamu hii haina mwenyewe, na huenda kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kuitikia, lakini mtu ambaye saini yake moja inaweza kuangusha helikopta nne kabla ya chakula cha mchana hasalimiwi kwa “habari za kazi”. Naomba uipokee hivyo hivyo.

Mimi ni mtu mdogo. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa na kibanda cha video Tandika, Dar es Salaam: runinga moja ya inchi 21, deki moja, mabenchi tisa, na mtafsiri mmoja aliyesimama pembeni ya runinga akiyageuza maneno ya Kiingereza kuwa Kiswahili na, pale asipoyaelewa, akiyatunga. Sikusomea filamu. Niliwasoma watazamaji, maana kiti changu kilikuwa mlangoni na kila aliyetoka alinipita. Picha ikilegea, mtu anakumbuka kibofu. Ikilegea zaidi, anakumbuka kahawa. Ikikaza, hata yule aliyebanwa tangu dakika ya kumi anakunja miguu na kumwachia Mungu. Hicho ndicho kipimo changu, na kwa heshima zote sidhani kama mnacho katika ofisi zenu nzuri.

Kazi zenu za miaka hii nazitazama kwa shukrani. Mjukuu wangu ananiwekea kwenye simu. Sina neno na moto wenu, ni mzuri kuliko wa zamani, na magari yanaruka vizuri sana. Jambo dogo tu linanikwaza, uniwie radhi: katikati ya picha naweza kwenda kuswali, nikarudi, nikala, na sijapitwa na kitu. Mjukuu hata hasimamishi. Nikimuuliza wamefika wapi, ananijibu, “Wanapigana.”

Naomba nikusimulie usiku mmoja, kisha nikuache uendelee na majukumu yako mazito.

Tulikuwa tumeweka Die Hard. Picha ilitoka 1988, iliongozwa na John McTiernan, ila kanda yetu ilikuwa imepita mikono mingi kiasi kwamba watu wote mle ndani walikuwa na nyuso za kijani. Kisa unakijua kuliko mimi. John McClane, polisi wa New York, anakwenda Los Angeles mkesha wa Krismasi kumfuata mkewe, ambaye ana cheo katika kampuni ya Wajapani yenye jengo refu liitwalo Nakatomi Plaza. Kwenye ndege abiria wa pembeni anampa dawa ya uchovu wa safari: ukifika vua viatu na soksi, tembea peku juu ya zulia, kunja vidole vya miguu kama unakunja ngumi. Anafika, anajifungia chumbani, anavua, anakunja vidole, anaona kweli raha. Majambazi wanaingia muda ule ule. Anatoroka na bastola. Viatu vinabaki.

Basi usiku ule mtafsiri wetu alikuwa amefika mahali ambapo FBI wanaagiza umeme wa eneo lote ukatwe. Akasema, “Sasa hawa jamaa wanakata umeme!” Umeme ukakatika. Wa Tandika. Watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo picha ilivyo. Pangaboi lilipoanza kupunguza mwendo, na jasho likaanza kazi yake, ndipo walipogundua.

Nilijiandaa kudaiwa viingilio. Hakuna aliyenyanyuka. Kikawashwa kibatari, na kwa muda wa dakika arobaini mabenchi tisa yalibishana kuhusu mambo ambayo bado hayajatokea. Konda mmoja wa daladala alitaka kujua: kama mlango wa hazina sasa utafunguka, huyu bosi wa majambazi alikuwa anahangaikia vilipuzi vya nini tena? Swali zuri, Mheshimiwa, na jibu lake lilikuwa juu ya paa. Mama muuza vitumbua, ambaye hakulipa kiingilio kwa kuwa alitazamia mlangoni kwangu, akasema taratibu, “Yule mama aliilaza kifudifudi picha ya familia pale mezani. Ile picha itamponza.” Fundi viatu wa benchi la mbele ndiye aliyekuwa na uchungu kuliko wote. Alikwisha kuona stelingi akimuua jambazi wa kwanza, akijaribu viatu vya marehemu, vikawa vidogo. Alikwisha kuona bosi wa majambazi akitupia jicho miguu ile peku, na muda mfupi baadaye akiamuru vioo vipigwe risasi, sakafu nzima ijae chupa. “Kwa miguu ile,” fundi akasema, “ngazi hapandi. Labda ashuke kwa kuanguka.”

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha pili, na ningeomba mkijaribu siku moja kwenye chumba chenu cha kutazamia. Katikati ya picha, kateni umeme. Watu wakibishana kuhusu kitakachofuata, mnayo picha. Wakiulizana chakula kiko wapi, mna moto tu.

Nimelifikiria sana swali la kwa nini benchi la Tandika liliweza kubishana vile, na jibu langu la kwanza litakushangaza kwa kuwa linamvunjia heshima stelingi. Picha ya mapambano haiongozwi na stelingi. Yeye ni mgeni aliyeingia kwenye shughuli ya watu. Mwenye shughuli ni jambazi. Hans Gruber, ambaye Alan Rickman alimcheza kwa adabu ambayo mimi mwenyewe nimeiigiza katika barua hii, amekuja na mpango: dola milioni 640 za hati za dhamana ambazo yeyote anayezishika ndiye mwenyewe, ndani ya hazina yenye kufuli saba. Kijana wake wa kompyuta anaweza kuzitoboa sita. Ya saba ni ya sumaku ya umeme, na umeme wake haukatiki kutokea ndani ya jengo. Kijana anasema itahitajika miujiza. Hans hana wasiwasi. Anajua kitabu cha taratibu cha FBI kinasema nini kuhusu majengo yaliyotekwa, na anasubiri wafike wamkatie umeme wao wenyewe, kwa mujibu wa sheria. Siku hiyo ndipo nilipoona benchi zima likimpigia saluti jambazi.

Sasa stelingi mle ndani anafanya nini? Anaharibu. Anavuta king'ora cha moto ili aletewe msaada. Majambazi wanapiga simu, magari ya zimamoto yanageuza njia, na king'ora chenyewe kinawaonyesha yuko ghorofa ya ngapi. Ndiyo maana anatumwa mtu kumfuata. Mtu huyo anakufa, anaacha bunduki, redio ya mawasiliano na vile viatu vidogo. Ndiyo maana stelingi anaweza kuita polisi kutokea juu ya paa, na ndiyo maana majambazi, ambao redio ni yao, wanamsikia kila neno. Mtafsiri wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi ambayo yeye mwenyewe hakujua kwamba ni elimu. Picha ikiwa imesukwa vizuri, matukio aliyaunganisha kwa “ndiyo maana”. Ikiwa mbovu, alisema “mara paa!” Kuna picha moja ya miaka ya karibuni, sitaitaja ili nisiharibu chakula chako, ambayo nimeihesabia “mara paa” thelathini na moja.

Uzuri mwingine wa lile jengo ni kwamba kila mtu ana akili yake na anaitumia. FBI wanafuata taratibu. Mwandishi wa habari anasaka habari, anakwenda kuwahoji watoto wa stelingi kwenye runinga. Mfanyakazi mwenza wa mkewe stelingi anadhani majambazi wanaongea kama wafanyabiashara, anakwenda kupatana nao, anapigwa risasi. Hakuna anayefanya upumbavu ili picha isonge mbele. Kila mmoja anafanya linaloelekea kuwa sahihi kwake, na kila lililo sahihi kwake linamkaza kamba stelingi. Nyinyi siku hizi, kwa unyenyekevu mkubwa nasema, mnamtuma mtu mwenye akili aingie kwenye ghala lenye giza peke yake kwa sababu tu imefika dakika ya arobaini.

Umeme uliporudi, muuza vitumbua alishinda. Watoto walitokea kwenye runinga, mama yao akashindwa kuuzuia uso wake, Hans akaliona hilo, akaiinua ile picha. Kibanda kizima kiligeuka kumtazama mama yule mlangoni kama vile yeye ndiye aliyeiandika. (Waandishi walikuwa Jeb Stuart na Steven E. de Souza, kutokana na riwaya ya Roderick Thorp ya 1979, lakini usiku ule heshima ilikuwa yake.)

Ila kuna kitu kimoja ambacho hakikutajwa na yeyote kwenye kibatari. Mwanzoni kabisa, yule mfanyakazi mwenza anayejigamba alimtaka mke wa stelingi aonyeshe saa ya Rolex aliyopewa na kampuni. Sote tuliisikia. Mwishoni Hans ananing'inia nje ya dirisha, juu kabisa ya jengo, akiwa amemshika mama yule mkononi, na anachokishikilia ni ile saa. Stelingi anaifungua kamba yake. Hans anakwenda chini.

Kikatoka kishindo cha “aaah”. Naijua sauti hiyo. Mtu haitoi kwa kushangazwa na kitu kigeni. Huitoa akigundua kwamba kitu alikuwa nacho mfukoni muda wote. Picha iliyosukwa vizuri humpa mtazamaji vitu viwili: kimoja akione na ajisifu, kama ile picha ya mezani, na kingine kimpite machoni, kama ile saa. Mkimpa cha kwanza peke yake atasema alikwisha kujua. Mkimpa cha pili peke yake atasema mmemdanganya.

Ndipo narudi kwenye ombi langu la viatu. Mheshimiwa, stelingi wako wa leo haumii. Anatupwa kwenye lori, anajifuta vumbi, anatania. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wakisema stelingi hafi, na ni kweli, hafi. Kwa kuwa wote tunajua hafi, kilichobaki cha kutuweka kwenye benchi ni kujua atalipa nini. McClane alilipa nyayo. Kuna wakati yuko bafuni anavuta vipande vya kioo mguuni, anazungumza kwa redio na polisi aliye nje ambaye hajawahi kumwona, anamwomba amwambie mkewe kwamba amekosa na anaomba radhi. Hakuna risasi hata moja. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona mtu akitoka kwenda kununua kahawa wakati ule. Bunduki zilipokuwa zikilia walitoka wawili.

Hata Rambo mwenyewe alianza hivyo. Ile ya kwanza ya 1982 ni mtu anayepita mjini kwa miguu akitafuta chakula, askari wanamwonea, anakimbilia msituni. Mtu tunayemwona akifa ni mmoja tu, anaanguka kutoka kwenye helikopta, na picha nzima inatetemeka kwa kifo hicho kimoja. Kufikia ile ya tatu mtafsiri wetu alikuwa ameacha kuhesabu.

Kuhusu muda na mwendo sina mengi, maana hilo bado mnalijua. Jan de Bont, aliyeshika kamera kwenye Die Hard, ndiye aliyeongoza Speed ya 1994, ile ya basi ambalo likishuka chini ya maili 50 kwa saa, kama kilomita 80 hivi, linalipuka. Abiria wa daladala za Tandika hawakuhitaji mtafsiri. Ni kanuni fupi, mtu anaweza kwenda nayo chooni, na akiwa huko bado anaogopa.

Najua gharama ni kubwa na wenye hisa wanataka jengo kubwa kuliko la mwaka jana. Ninachoomba hakina gharama. Jengo la Nakatomi lenyewe lilikuwa jirani na studio iliyotengeneza picha, 20th Century Fox. Hawakwenda mbali kupiga picha. Na viatu kuvuliwa ni bure. Kabla hamjampa stelingi bunduki, mvueni kitu ambacho atakihitaji, mvueni mapema, tukiwa tunatazama, kwa sababu ambayo wakati huo haituhusu.

Samahani kwa kukuchosha. Mjukuu ananiita, anasema picha mpya imeanza na mji tayari umelipuka.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa mwenye kibanda, Tandika.

Tanbihi: Ikiwa ofisini kwako bado yupo mtu wa 1988, naomba kwa heshima aulizwe kuhusu lile gari la wagonjwa ambalo majambazi walitaka kutorokea. Linatoka ndani ya lori lao. Nimeirudisha kanda hadi mahali wanapowasili na lori hilo hilo likafunguliwa nyuma, na kwa macho yangu haya sikuona gari la wagonjwa, niliona wanaume tu. Kibandani hakuna aliyeuliza. Mimi nimeuliza peke yangu kwa miaka mingi, na sitaki kufa na swali hilo.