Sifa za Mheshimiwa DNS

Wako wanaosifu mashujaa wa vita, na wako wanaosifu wali wa nazi. Mimi nasimama kumsifu DNS, hasa yule wa seva ndogo ya nyumbani iliyojificha nyuma ya VPN, kiumbe ambaye hajapigiwa makofi na mtu tangu azaliwe.

Kwanza, ni mtulivu. Wenzake wakiharibika hupiga kelele: diski hukwaruza, feni hunguruma, taa ya ruta huwa nyekundu. Yeye hufa huku taa zote zikiwaka kijani. Seva yetu inakaa chini ya meza ya televisheni. Imebeba picha za harusi, vyeti vya watoto na hati za shamba, na kila saa nane usiku hutuma nakala kwenye seva ya kaka yangu Mwanza, kupitia VPN ya familia. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi, seva ikaamka salama salimini. Siku kumi na moja baadaye ndipo nilipogundua kwamba haikwenda nakala hata moja. Nani mwingine angetunza siri siku kumi na moja, katika nyumba yenye mashemeji watatu?

Kazi yake, kwa asiyejua, ni kama ya mjumbe wa nyumba kumi: unamtajia jina, anakupa namba ya mlango. Seva ya Mwanza tumeiita "ghala", na namba yake inaanza na 100. VPN ina mjumbe wake, makazi yake 100.100.100.100, na ghala analijua kama ndugu wa damu. Ruta nayo ina mjumbe wake, anayeijua dunia nzima isipokuwa ukoo wetu. Umeme uliporudi, ruta iliigawia seva anwani, na papo hapo ikampachika mjumbe wake juu kabisa ya orodha, ndani ya faili la resolv.conf. Wetu akasukumwa nafasi ya pili.

Si neno, nikajisemea, wa kwanza akishindwa ataulizwa wa pili. Hapo ndipo nilipoijua adabu ya mheshimiwa. Mjumbe wa kwanza akikaa kimya, seva kwa kawaida husubiri sekunde tano, kisha huhamia kwa wa pili. Lakini akijibu "hapa hakuna mtu wa jina hilo", basi, yamekwisha. Hilo ni jibu, na mkubwa akishajibu haulizwi mwingine. Wa pili, anayelijua ghala hadi mlangoni, anabaki barazani akitazama. Tena hilo "hakuna" mara nyingi huhifadhiwa kwa muda, hata ukisharekebisha kosa uendelee kuambiwa hakuna, mpaka ukate tamaa na kuharibu ulichokwisha kutengeneza. Nitajieni mwalimu mwingine wa subira anayefundisha hivi bila ada.

Wala msidhani anawaonea wanyonge wa chini ya televisheni peke yao. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook walikosea katika matengenezo ya mtandao wao wa ndani. Seva zao za DNS zikajiondoa kwenye njia za intaneti, na WhatsApp, Instagram na Facebook yenyewe zikatoweka kwa takriban saa sita. Kwetu ilikuwa tangu magharibi hadi baada ya saa sita usiku. Magrupu ya harusi yakanyamaza kimya, na kwa jioni nzima hakuna aliyedaiwa mchango. Kama hiyo si neema, sijui neema ni nini.

Usiku wa tatu wa kuhangaika, mjomba alinikuta sakafuni, laptopu mapajani. Nikamwonyesha: nikiita kwa namba, ghala linaitika, nikiita kwa jina, halipo.

"Sasa, mwanangu, si uandike hiyo namba?"

Sikukubali mheshimiwa adhalilishwe mbele yangu. Nikamweleza mjomba, kwa upole unaomstahili mtu mzima, kwamba cheti cha usalama cha seva kimeandikwa jina. Ukija na namba, programu inakukataa kama karani wa benki aliyeona jina lisilolingana na kitambulisho. Nikampeleka hadi enzi za ARPANET, wakati majina ya kompyuta zote yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, likitunzwa na timu ya Elizabeth Feinler kule SRI, California; mpaka mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni DNS, ili watu waachane na daftari moja la kuandika kwa mkono. Hotuba ilikuwa nzuri. Mjomba akauliza kama nimekula.

Saa tisa usiku, nyumba nzima imelala, nikafungua faili la /etc/hosts. Ni daftari lile lile la kale. Kompyuta bado zinalo, na kwa kawaida hulisoma kabla ya kumuuliza mjumbe yeyote. Nikaandika mstari mmoja: namba, nafasi, ghala. Nakala ikaanza safari ya Mwanza. Asilimia moja. Mbili.

Mjomba alikuwa ameamka kunywa maji. Akainama, akasogeza miwani karibu na kioo.

"Hicho ulichoandika hapo mwanzo," akasema, "si ndiyo ile namba?"