Wiki ya Togwa

Jumatatu

Ulezi wa kuotesha kimea cha togwa sharti uwe mzima na uwe mpya. Ukikaa ghalani muda mrefu, nguvu ya kuota hupungua. Nilimweleza hivyo muuzaji wa kwanza pale Kariakoo, naye akanijibu, "Mzee, ulezi ni ulezi." Nikamwuliza huu ni wa msimu gani. Waliokuwa nyuma yangu wakaguna. Nikahamia kwa mama mmoja ambaye aliniuliza kabla sijafungua mdomo, "Wa uji au wa kimea?" Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ile niliyoiacha, na ilistahili.

Daladala ya kurudi Mbagala ilijaa hadi mlangoni. Ulezi nimeupakata njia nzima. Nimeupepeta, nimeuosha, nimeuloweka. Ndoo imelala ndani, kwa sababu ndoo za nje huazimwa bila taarifa.

Jumanne

Maji ya bomba yamekatika. Ulezi uliolala majini unahitaji kusuuzwa, la sivyo unaanza kunuka. Nimenunua madumu ya mkokoteni kwa bei ya siku ya shida, nikasuuza, nikachuja, nikautandaza kwenye gunia bichi na kuufunika kwa gunia jingine. Bomba lilianza kutoa maji nilipokuwa nafuta mikono.

Kijana wa bodaboda aliyepanga chumba cha uani anataka kujifunza. Ameuliza kwa nini tusitumie mtama, maana kwao upo mwingi. Swali zuri. Mtama nao hutoa kimea kizuri, lakini chipukizi zake zina kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi, kwa hiyo hukaushwa na kupukuchwa mizizi na majani kabla ya kusaga. Ulezi hauna shida hiyo. Anayeanza aanze na ulezi. Aliandika yote kwenye simu, kisha simu ikazima chaji.

Jumatano

Mwenye nyumba amefika asubuhi na tamko: hapa kwake hapikwi pombe. Nimempa shikamoo na kiti. Kiti amekikataa. Nimemweleza kwamba togwa ni uji uliochachuka, kinywaji cha nyumba nzima, na kwamba kwetu Ruvuma anayetoka shamba hupewa togwa kabla hajaulizwa habari. Ikiachwa siku nyingi hukolea na kuanza kupata kileo kidogo, ndiyo maana tunainywa mapema. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, miguu miwili nje.

Nikaendelea, kwa sababu jambo hili halifai kukatizwa njiani. Katika miaka ya 1990 mtafiti wetu Wilbald Lorri, wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, waliandika kuhusu watoto wa Tanzania waliolishwa uji uliochachuka. Watoto hao waliugua kuhara mara chache kuliko wenzao. Bakteria wa asidi ya laktiki wanaufanya uji uwe mchachu kiasi kwamba vijidudu vingi vya maradhi havistawi humo. Bibi zetu hawakuwa na maabara, ila walijua kumpa mtoto uji upi. Mwenye nyumba aliitikia kwa kichwa, akanikumbusha kodi ya mwezi ujao, akaondoka.

Alhamisi

Ulezi umeota vizuri, vimizizi vyeupe vimeshikana kama mkeka. Nimeuchambua kwa vidole na kuuanika uani tangu jua linachomoza. Kuku wa jirani wamepita. Nimewafukuza. Wamerudi wakiwa wengi zaidi. Saa nane mchana ikanyesha mvua ambayo hakuna aliyeitangaza, na wapangaji wote wakatoka kuanua nguo zao. Wa kuanua ulezi nilikuwa peke yangu.

Ijumaa

Jua kali. Kimea kimekauka. Kuku wamefungiwa, na namshukuru aliyewafungia.

Jumamosi

Kwenye mashine ya kusaga, foleni hupangwa kwa ndoo. Unaiacha ndoo yako, unakwenda kukaa kivulini, ndoo inakusubiria. Yangu ilikuwa ya nne. Nilipoinuka kuiangalia ilikuwa ya saba, na mbele yake yalikuwepo madebe ya mahindi ambayo wenyewe walisema yamekuwepo tangu alfajiri.

Zamu yangu ilipofika, kijana wa mashine alichungulia ndoo akasema, "Mzee, hiki ni kimea. Kitapaka rangi sembe za watu." Kwa hilo alikuwa na haki. Kimea husagwa mwisho. Nikasogezwa nyuma ya madebe yote, nikakubali. Dada mmoja akaongeza debe. Umeme ukakatika.

Tulikaa hadi saa kumi. Umeme uliporudi, mahindi yalisagwa kwanza, yote, kisha kimea changu kikapita kwa dakika chache. Kijana alinitoza bei ya debe zima, kwa kuwa mashine, alisema, haijui udogo.

Jioni tumepika, mimi na kijana wa bodaboda. Nusu kilo ya unga wa mahindi kwa lita tano za maji, uji mzito ulioiva sawasawa. Hapa ndipo wanaoanza huharakisha, nami nimemshika kijana mkono. Kimea kikitiwa ndani ya uji unaotokota, vimeng'enya vyake huungua, na uji hautabadilika. Ndani ya uji uliopoa kabisa vimeng'enya hufanya kazi kwa uvivu. Subiri uji uache kutoa moshi mwingi, bado ukiwa wa moto wa kuchoma ulimi. Kijana akauliza, "Babu, dakika ngapi?" Inategemea sufuria. Hakulipenda jibu hilo.

Tukatia vikombe viwili vidogo vya kimea, tukakoroga. Uji uliokuwa umesimamisha mwiko ukalegea mbele ya macho yetu, ukawa mwepesi, ukaanza kuwa mtamu bila sukari. Wanga unageuka sukari pale pale, na bakteria watakula sukari hiyo usiku. Nimeliona jambo hili tangu nikiwa mtoto na bado naacha shughuli nyingine kulitazama. Ulipopoa tukaongeza kimea kidogo, tukafunika kwa kitambaa. Umeme ukakatika tena, lakini kazi iliyobaki haihitaji umeme.

Jumapili

Kwa joto la Dar es Salaam togwa huwa tayari kesho yake. Kwenye baridi ya Njombe ningesubiri zaidi. Wageni wamefika saa tatu asubuhi wakati nilisema saa kumi. Wameonja, wamesema bado tamu, wamekaa. Mmoja wao, kwa nia njema, aliimimina nyingine kwenye dumu na kukaza kifuniko. Togwa inapumua, inatoa gesi. Kufikia mchana dumu lilikuwa limevimba, na lilipofunguliwa togwa ilifika kwenye pazia.

Iliyobaki kwenye sufuria ilitosha. Saa kumi ilikuwa imechachuka inavyotakiwa, nyepesi, yenye ukali wa kukata kiu, na chumba kikanyamaza kwa kunywa. Mwenye nyumba alipita, akapokea kikombe akiwa amesimama, akaomba cha pili akiwa amekaa.

Kijana wa bodaboda amechukua nusu ya kimea na kikombe cha togwa ya kuanzishia ya kwake. Kesho anakwenda Kariakoo. Nimemwelekeza foleni ya yule mama.